Nilikwenda Magomeni Kumtazama Shangazi

Mwezi wa Agosti mwaka 2025 Padri Paroko alinituma Dar es Salaam kununua rejesta mpya za ubatizo na ndoa, maana zile za zamani zilikuwa zimejaa mpaka ukurasa wa mwisho. Kazi hiyo ilikuwa ya siku moja tu. Lakini nilimwomba Padri ruhusa ya siku tatu, kwa kuwa nalikuwa na deni jingine huko mjini, deni lisilolipwa kwa fedha. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, anakaa Magomeni Kota. Nalikuwa sijamwona tangu alipohamia katika nyumba yake mpya na, kwa sababu nitakayoieleza mbele, nalikuwa naona haya kumtazama usoni.

SAFARI

Mama alinifungia ubuyu, karanga na mlenda mkavu katika kikapu, akasema, "Mwambie wifi yangu mlenda huu umechumwa katika shamba la baba yake, asidhani tumemsahau." Alfajiri nikapanda basi toka kwetu, upande wa Bahi, na kabla jua halijawa kali nalikuwa nimefika katika stesheni mpya ya Dodoma, nikingoja gari la moshi la umeme. Wazee wetu hulicheka jina hilo, kwa sababu gari lenyewe halina moshi hata kidogo. Lilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi wa Julai mwaka 2024, na nauli niliyolipa, ya daraja la kawaida, ni shilingi 31,000. Si fedha kidogo kwa mtu wa kijijini. Lakini safari iliyokuwa ikimchukua marehemu baba usiku kucha na zaidi, mimi niliimaliza kwa saa nne hivi.

Nikakaa dirishani. Kwanza niliona nchi yetu yenyewe: mibuyu, miiba, vumbi jekundu la kiangazi, na hapa na pale tembe ya zamani yenye paa la udongo. Baada ya Gulwe milima inaanza kusogea, na upande wa Kilosa gari linaingia katika mahandaki yaliyotobolewa milimani. Watoto walipiga kelele za furaha kila giza lilipoingia. Kisha tukaona Morogoro na milima ya Uluguru, kisha tambarare ya Ruvu, kisha Pugu.

Pugu nilikumbuka kwamba hapo ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipofundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, hata mwaka 1955 akaacha ualimu kwa ajili ya siasa. Baadaye akakaa Magomeni, na nyumba yake ya Mtaa wa Ifunda sasa ni makumbusho. Basi nami nalikuwa nafuata njia ileile, toka Pugu hadi Magomeni, ingawa mzigo wangu ulikuwa mlenda tu.

Toka stesheni nikapanda basi la mwendokasi katika Barabara ya Morogoro. Likavuka bonde la Msimbazi pale Jangwani, likapanda kidogo, na tazama, tumefika Magomeni. Si mbali na Kariakoo hata kidogo. Mtu mwenye nguvu huenda kwa miguu. Shikeni neno hilo, kwamba Magomeni ni karibu na mjini, kwa maana ndilo lililoleta mambo yote yaliyofuata.

KOTA ZA ZAMANI

Neno kota nyote mwalijua. Ni nyumba za serikali za kupangisha watu, kama zile kota za reli tunazoziona penye stesheni za zamani. Magomeni Kota palikuwa na nyumba za chini, zimepangwa mistari mistari, zikikaliwa na kaya 644. Shangazi alipelekwa huko akiwa bibi arusi. Alifunga ndoa katika kanisa letu la parokia, na baada ya juma moja mumewe, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, akamchukua kwenda pwani. Wakati ule hakujua Kiswahili cha mjini, na jirani yake wa kwanza, mama mmoja Mwislamu toka Rufiji, ndiye aliyemfundisha kupika wali wa nazi.

"Mlango wa kwanza alikaa karani," shangazi aliniambia, "wa pili dereva, wa tatu mjane muuza vitumbua, wa nne mwalimu. Mishahara haikulingana, lakini bomba la maji lilikuwa moja. Ukikosa chumvi hukwenda dukani, huenda kwa jirani."

Wataalamu wa miji siku hizi wana jina kwa jambo hilo. Husema ni mtaa wa watu wenye vipato mbalimbali, yaani mahali ambapo mwenye mshahara mnono na mwenye kibarua cha siku hukaa pamoja, watoto wao wakisoma shule moja. Husema hivyo kana kwamba ni uvumbuzi mpya. Lakini wenzetu wa pwani walikuwa nao zamani katika nyumba zao za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na wapangaji wake wakakaa vingine. Mwaka 1962 Shirika la Nyumba la Taifa lilipoanzishwa, kazi mojawapo ya kwanza ilikuwa kuondoa vibanda vibovu katika mitaa kama hiyo ya Magomeni na kuwajengea watu nyumba bora. Basi kubomoa na kujenga upya si jambo geni mahali pale.

Hata hivyo nyumba huzeeka kama mtu. Kota zikaanza kuvuja, vyoo vikajaa, kuta zikapasuka. Wakati huohuo mji ukawa unakua, na ardhi iliyo karibu na Kariakoo ikapanda bei. Hapo ndipo hatari huanza, wasomaji wangu. Nyumba ikiwa mbovu na ardhi yake ikiwa ya thamani, maskini aliye ndani huanza kuonekana kama kizuizi. Watu huacha kusema, "Tumtengenezee nyumba," wakaanza kusema, "Tumwondoe."

MIAKA KUMI YA KUHAMAHAMA

Mwaka 2011 wapangaji waliambiwa watoke, na nyumba zikabomolewa, ili pajengwe majengo ya kisasa. Shangazi na mumewe wakafunga mizigo wakaenda kupanga vyumba viwili Mbagala. Walidhani ni kwa muda mfupi. Lakini mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine, na pale Magomeni hapakuinuka kitu. Shangazi akipita na basi aliona majani tu yameota mahali palipokuwa jiko lake.

Kodi ya Mbagala ikawashinda, wakahamia mbali zaidi, Chanika. Mume akapata maradhi, akafa mwaka 2015. Nasi tulikwenda kumzika, nami nakumbuka jambo moja lililonishangaza katika mazishi yale. Watu wa Kota walikuja wengi, toka Mbagala, toka Gongo la Mboto, toka Kimara, kila mtu toka huko alikotupwa. Mzee mmoja alikuwa na daftari la shule lililofungwa kwa mpira. Ndani yake yaliandikwa majina ya kaya, mlango kwa mlango, kama walivyokuwa wakikaa. Alipokwisha kutupia udongo wake kaburini alifungua daftari, akaweka alama ndogo ya msalaba penye jina la mume wa shangazi, na pembeni akaandika jina la shangazi. Nalikuwa kijana bado, sikufahamu maana yake.

Mwezi wa Septemba mwaka 2016 Rais John Magufuli alikwenda pale Magomeni, akawaambia watu wale kwamba serikali itawajengea nyumba, nao watakaa miaka 5 bila kulipa kodi ya pango, kisha wapewe nafasi ya kuzinunua. Kazi ikapewa Wakala wa Majengo Tanzania. Haikwenda upesi kama watu walivyotaka, na Rais mwenyewe alifariki mwezi wa Machi mwaka 2021 kabla ya kuziona zinakaliwa. Rais Samia Suluhu Hassan ndiye aliyezifungua, tarehe 23 Machi mwaka 2022. Ni majengo matano ya ghorofa, yaliyogharimu zaidi ya shilingi bilioni 50.

Na hesabu ya nyumba zilizomo ni 644. Nyumba 644 kwa kaya 644. Wangeweza kujenga chache na kubwa, wakauza kwa matajiri, kwa maana pale ni mahali pazuri. Wangeweza pia kuwapa wale wa zamani fedha kidogo na kuwaambia kwaheri. Lakini idadi ya nyumba ilifuata idadi ya watu, kwa sababu watu wenyewe hawakukubali kusahauliwa, na majina yao yalikuwa yameandikwa.

BARUA NILIYOICHELEWESHA

Sasa nieleze haya yangu. Mwaka 2021, nikiwa nimekwisha kuwa karani wa parokia, shangazi alinipelekea barua kwa mkono wa abiria mmoja. Alisema nyumba zinakaribia kwisha na kwamba jina lililo katika orodha ni la marehemu mumewe. Yeye aliambiwa alete karatasi ya kuthibitisha kwamba ni mke wake halali. Cheti chake cha ndoa kilipotea katika kuhamahama. Aliniomba nitazame rejesta, nimpelekee nakala.

Barua ile niliisoma, nikaiweka katika mtoto wa meza, juu ya stakabadhi za zaka, nikasema, "Kesho." Ulikuwa wakati wa mavuno, tena wa maandalizi ya Kipaimara. Kesho ikazaa kesho. Majuma saba yakapita. Kisha siku moja simu ikalia, nikasikia sauti ya shangazi. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, je, ndoa yangu haimo kitabuni?"

Niliona aibu mpaka jasho likanitoka. Siku ileile nikafungua rejesta, na hapo nikaona hatari niliyokuwa nimeifanya. Ndoa ilikuwamo, lakini karani wa zamani alikuwa ameandika jina la bwana arusi kwa namna nyingine, tofauti na lile la kazini kwake bandarini. Ilibidi tumtafute shahidi aliyesimama siku ya arusi. Walikuwa wawili, mmoja amekwisha kufa, na wa pili, mzee sana, alikuwa mgonjwa kitandani. Padri alikwenda kwake kwa pikipiki, mzee akathibitisha, na Padri akaandika maelezo pembeni mwa rejesta na kutia sahihi. Majuma mawili baadaye tulimzika mzee yule.

Cheti kikafika Dar es Salaam kwa wakati. Lakini kilifika kwa huruma ya Mungu, si kwa bidii yangu. Kama mzee yule angalitangulia, shangazi angalibaki mjane asiye na ushahidi, na mimi ningalikuwa nimemnyima nyumba kwa uvivu wa kufungua kitabu.

NYUMBA MPYA

"Mbukwa!" shangazi aliita aliponiona mlangoni, kwa salamu yetu ya Kigogo, akasahau Kiswahili chake chote cha Pwani. "Shikamoo Shangazi," nikasema. "Marahaba mwanangu, karibu, ingia, umekonda!"

Anakaa ghorofa ya nne. Nyumba yake ina chumba cha kulala, sebule ndogo, jiko na choo ndani. Ukutani ameweka msalaba, picha ya Mama Bikira Maria na picha ya marehemu. Maji hutoka bombani, umeme upo, sakafu ni safi. Toka dirishani aliniongoza kwa kidole mpaka nikaona mahali ulipokuwa mlango wake wa zamani.

Nilimwuliza kama ana raha. Alifikiri kwanza. Alisema anamshukuru Mungu kila asubuhi, lakini si kila kitu ni chepesi. Nilipompa mlenda na kuuliza kinu kiko wapi, alicheka sana. Kinu alikiacha Chanika. "Nikitwanga hapa, mwanangu, mtu wa chini yangu atadhani paa linaanguka." Kuku hawezi kufuga. Mkaa hupikia kwa shida, kwa hiyo amenunua jiko la gesi. Na uzee unapozidi, ngazi huwa ndefu kila siku lifti isipofanya kazi. Zamani jirani alipita mlangoni, ukamwona. Sasa kila mtu yuko nyuma ya mlango wake uliofungwa, na mgonjwa anaweza kulala siku mbili bila mtu kujua.

Kwa hiyo wazee wa zamani wa Kota wamejifanyia desturi. Jioni hushuka chini na viti vyao, wakakaa pamoja, Wakristo na Waislamu, kama walivyokaa zamani penye bomba. Asiyeshuka siku mbili hufuatwa. Nilikaa nao jioni mbili. Yule mzee wa daftari sikumwona. Alikufa kabla ya kurudi, na mwanawe ndiye aliyepokea ufunguo. Wako wengi namna hiyo. Miaka kumi ni mirefu kwa mzee. Nyumba iliyocheleweshwa si hasara ya fedha peke yake, kwa maana wako waliokufa wakiingojea.

Siku ya Alhamisi nikasali nao katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Kulikuwa na kijana mwenye gari, na muuza maandazi, na mwalimu mstaafu. Nikaona kwamba mchanganyiko ule wa zamani haujafa, ila sasa wahitaji kushikwa kwa mikono miwili.

Usiku nilimwomba shangazi radhi kwa barua ile. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilikwisha kukusamehe siku cheti kilipofika. Lakini wako wengine wenye barua katika meza yako. Hao ndio wa kuwaomba radhi."

Linalomtia wasiwasi sasa ni jambo jingine. Miaka 5 iliyohesabiwa tangu mwaka 2022 inakwisha mwaka 2027, na baada yake ni kununua. Bei yake ni ya makumi ya mamilioni ya shilingi, hata ikilipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mjane asiye na pensheni atalipa nini? Watoto wake wawili wamekubaliana kuchangia, na mpwa wake huyu pia nimeahidi kidogo changu. Tena kumiliki nyumba ya ghorofa si kama kumiliki shamba. Iko sheria ya mwaka 2008 juu ya kumiliki sehemu ya jengo: chumba ni chako, lakini ngazi, paa, bomba kuu na kiwanja ni vya wote, na wote hutakiwa kuvitunza pamoja. Mmoja asipochanga, wote huvujiwa. Ndiyo maana majengo ya maskini mahali pengi duniani hufa upesi. Kujenga hushangiliwa kwa siku moja, lakini matunzo yahitaji fedha na masikizano ya kila mwezi.

HABARI ZA CHICAGO

Jambo hili halikuwapata watu wa Magomeni peke yao. Wengi wenu mwalijua jina la Mtakatifu Frances Xavier Cabrini, mtawa aliyezaliwa Italia akaenda Marekani kuwahudumia wahamiaji maskini, akafa katika mji wa Chicago mwaka 1917, na mwaka 1946 akatangazwa mtakatifu. Katika mji huohuo, mwaka 1942, serikali ilijenga nyumba za watu wa kipato kidogo, ikazipa jina lake. Baadaye ziliongezwa ghorofa ndefu, na mtaa mzima ukaitwa Cabrini-Green. Wakati ulipojaa kabisa ulikuwa na watu kama 15,000.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Lakini viwanda vya karibu vikafungwa, kazi zikapotea, wenye mishahara wakahama, na fedha za kutengeneza majengo hazikutoka. Wakabaki maskini watupu katika majengo mabovu, na wahalifu wakaingia. Kama Magomeni, mtaa ule ulikuwa karibu na katikati ya mji, jirani na matajiri, na ardhi yake ilikuwa ya thamani kubwa. Tangu mwaka 2000 mji ule ulikuwa na mpango mkubwa wa kubomoa nyumba za namna hiyo na kujenga mitaa mipya, ambamo wenye fedha na wasio na fedha wakae pamoja. Jengo refu la mwisho la Cabrini-Green lilibomolewa mwaka 2011, mwaka uleule shangazi alipotolewa Kota.

Nia ilikuwa njema, na nyumba mpya zilizojengwa ni nzuri. Lakini katika mtaa mpya sehemu moja tu ya nyumba iliwekwa kwa ajili ya maskini, na familia nyingi za zamani hazikurudi kamwe. Wengine walikufa, wengine walizoea kwingine, wengine hawakutimiza masharti yaliyowekwa. Na miongoni mwa waliorudi wako waliosema kwamba majirani wapya hawakuwasalimu, na kwamba sheria za jengo zilitungwa kana kwamba wao ndio wa kuogopwa. Kumbe kuwaweka watu chini ya paa moja si sawa na kuwafanya majirani.

Nikilinganisha, naona kwamba sisi, pamoja na umaskini wetu, pale Magomeni tumefanya jambo moja bora: tuliwarudisha watu walewale. Lakini Chicago yatuonya juu ya mengine mawili. La kwanza, matunzo yakikosa, jengo jipya litakuwa bovu kama la zamani. La pili, maskini akishindwa kulipa, atatoka kimyakimya, mmoja mmoja, mpaka siku moja utakuta mtaa umebaki na jina lake tu.

NASI WA DODOMA

Mtu atasema, "Haya ni ya Dar es Salaam, yatuhusu nini sisi wa Ugogo?" Yatuhusu sana. Mwaka 1973 iliamriwa Dodoma iwe makao makuu, na mwaka huohuo ikaanzishwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile CDA ambayo wazee wetu walikuwa wakiitaja kwa matumaini na kwa hofu pia. Ilivunjwa mwaka 2017, na kazi zake zikapewa halmashauri ya mji. Tangu mwaka 2016, serikali ilipoamua kuhamia kwa kweli, na hasa tangu mwaka 2018 mji ulipopewa hadhi ya jiji, viwanja vimepimwa pande zote, na Mtumba, palipokuwa mashamba na vichaka, pamekuwa Mji wa Serikali. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 mkoa wetu ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Katika ile ya mwaka 2022 walipita milioni 3.

Basi nyumba za zamani za Dodoma nazo zitabomolewa na kujengwa upya, na vijiji vya kandokando vitapimwa kuwa mitaa. Wazee wetu walikwisha kuhamishwa mara moja, katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, wakaacha matembe yao na makaburi ya wazazi. Wajua uchungu wake. Hata juzijuzi jamaa yetu mmoja, mwenye shamba pembezoni mwa jiji, alikosa fidia yake kwa miaka mitatu kwa sababu jina lake liliandikwa kwa kosa la herufi mbili. Hakuwa na karatasi ya kulisahihisha.

Simwambii mtu kuyapinga maendeleo. Nyumba yenye maji na choo safi ni jambo la kumshukuru Mungu, na mji mkuu ni fahari yetu sote. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba pale watu maskini wanapolazimika kuhamishwa, yafaa waarifiwe mapema, wapewe makao ya kuheshimika, nao wenyewe washirikishwe katika shauri. Hilo ndilo ninalolisema, kwa lugha ya karani.

Baba na mama wa kila nyumba, hifadhini karatasi zenu: cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, hati ya shamba au barua ya kijiji. Tazameni kama majina yanalingana, na kama hayalingani, njoni ofisini sasa, wakati mashahidi wangali hai. Mkutano wa kijiji juu ya upimaji ukiitwa, msimwachie mwenyekiti peke yake. Nendeni, na wanawake pia waende, mkaulize wazi: Nani ameandikwa? Atarudi au atapewa nini? Na baada ya kurudi, atalipa nini, kwa miaka mingapi? Majibu yakitolewa, yaandikwe, na nakala ikae kijijini.

Katika gari la kurudi nalifungua Biblia katika kitabu cha Nehemia. Sote twakumbuka jinsi alivyojenga upya ukuta wa Yerusalemu. Lakini wachache hukumbuka yaliyofuata. Ukuta ulipokwisha, mji ulikuwa mpana, watu wakiwa haba, na nyumba zilikuwa hazijajengwa. Nehemia hakuridhika na mawe. Alitafuta kitabu cha majina ya watu waliorudi toka uhamishoni, na majina hayo yamejaza sura nzima, ukoo kwa ukoo na hesabu ya kila mmoja. Zamani niliiruka sura ile nikidhani haina mafundisho. Sasa naona ni sura ya makarani, na ya kila aliyewahi kuhamishwa.

Nilirudi parokiani siku ya Ijumaa jioni na rejesta mbili mpya. Kabla ya kuzifungua nilivuta mtoto wa meza. Nilikuta barua nne zinazongoja. Nilizijibu zote kabla ya kulala.